Ngata Juu ya Kitanda cha Mjane

Sehemu ya Kumi na Moja

Jumatano iliyopita tulimwacha Uledi akiwa amevunja kwa teke mlango wa chumba cha uani. Ndani ya chumba hicho, juu ya mkeka, alikuwa ameketi dada yake.

Uledi hakujua. Nalisema hilo mapema kwa ajili ya wasomaji walioleta barua wakidai kwamba hakuna mtu asiyeijua nyumba ya dada yake. Nyumba hiyo ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, Uledi aliijua kwa mbele: kibaraza, fremu mbili za duka, ukumbi mrefu. Siku hiyo aliingizwa kwa nyuma, kupitia shimo la msingi wa ghorofa jirani, kisha kwenye tundu lililotobolewa ukutani, yeye na makuli wenzake kumi. Tena kuli haulizi mzigo ni wa nani. Huuliza uko wapi na unakwenda wapi. Akiongeza swali la tatu hutafutwa kuli mwingine.

"Uledi," Shamsa alisema bila kuinuka. "Mlango huo aliutengeneza marehemu kwa mikono yake."

"Dada?"

"Ndimi. Kwani ulikuwa unamtafuta nani?"

"Nimeambiwa nyumba ni tupu. Kuna kitanda, kabati na vyombo, vinapelekwa stoo."

"Na mimi napelekwa stoo?"

Uledi alikuwa anatazama kanga zilizofifia, uso usio na wanja, na cherehani iliyofunikwa shuka pembeni. Shamsa alikuwa edani, siku ya hamsini na tatu. Mumewe, fundi Bushiri, alifia katika kitanda kile kile ambacho Uledi alikuwa ameahidiwa shilingi elfu ishirini kukitoa nje. Kwa miezi minne na siku kumi mjane hatoki katika nyumba aliyofiwa, wala hasimami mbele ya wanaume wasio maharimu wake. Kati ya wanaume kumi na wawili waliokuwa uani, ni Uledi peke yake, mtoto wa tumbo moja na Shamsa, aliyeruhusiwa kusimama alipokuwa amesimama.

"Nani amewatuma?" Shamsa aliuliza.

"Dalali. Anaitwa Ansbert."

"Ansbert katumwa na Abdulmajid, anayechimba shimo hilo hapo nyuma. Abdulmajid kauziwa nyumba na shemeji yangu Abdulswamad, kabla arobaini ya ndugu yake haijafika. Karatasi yao inasema nyumba haina mkaaji."

"Mbona hukuniita?"

"Ningekuita ufanye nini? Ubebe?"

Halafu akamweleza, upesi na kwa sauti ya chini. Eda ilimzuia kwenda kulalamika baraza la ardhi. Basi aliandika barua. *Kwa kuwa mimi siwezi kuja, naomba baraza lije.* Na baraza, jambo ambalo litawashangaza wote waliowahi kukaa kwenye mabenchi yake, lilikubali. Mwenyekiti angefika siku hiyo hiyo, saa nane mchana, kuona kwa macho yake kama nyumba ina mtu. Akimkuta Shamsa, mauzo yanasimama hadi mirathi igawanywe. Akikuta kifusi, hakuna kesi tena. Hakuna anayeweka zuio juu ya kifusi.

"Saa ngapi sasa?" akamalizia.

"Saa saba kasoro robo."

"Basi tunahitaji saa moja na robo. Funga mlango, mdogo wangu."

"Nimeuvunja, dada."

Uani, Ansbert alipiga makofi mawili. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye faili chini ya kwapa na viatu ambavyo vumbi la Kariakoo halikuthubutu kuvigusa.

"We Uledi! Hicho kitanda kinatoka leo, au tukisubiri kizae?"

Uledi alivua ngata kichwani.

Ngata ni kitambaa kilichosokotwa mduara, ambacho kuli hukiweka utosini ili gunia lisimpasue fuvu. Katika kijiwe cha kina Uledi ilikuwa na kazi ya pili. Kuli akiiweka ngata yake juu ya mzigo, mzigo huo ni wake. Hakuna mwenzake anayeugusa mpaka yeye mwenyewe aiondoe, hata kama atakwenda kula, kuswali au kuugua. Sheria hiyo haijaandikwa popote, na labda ndiyo sababu hutiiwa.

Aliiweka ngata katikati ya kitanda. Akarudi, akasimama mlangoni.

"Mangi," aliita. "Nimeweka ngata."

Aliyeitwa alikuwa Elimringi, mkuu wa kijiwe kwa miaka kumi na saba, mtu wa Old Moshi, ambako mangi ni mtemi, mwenye shingo iliyozama mabegani. Mkononi alishika kulabu ya chuma ya kuvutia marobota. Alisogea hadi hatua tatu kutoka mlangoni, akainamisha macho asimwone mjane.

"Umeiweka juu ya nini?"

"Juu ya kitanda. Na kabati. Na mkeka, pamoja na aliyekaa juu yake."

"Nani huyo?"

"Dada yangu. Yuko edani."

Elimringi alitafuna mdomo wake kidogo, kisha akamgeukia Ansbert. "Bosi, mzigo una mwenyewe."

"Mwenyewe ni Abdulmajid. Hati hii hapa."

"Hiyo ni hati ya nyumba. Mimi nazungumzia mzigo."

"Kwa sababu ya kitambaa?"

"Kwa sababu ya ngata."

"Hiyo sheria iko kwenye kitabu gani, Mangi?"

"Haina kitabu."

"Basi si sheria."

"Basi iguse."

Ansbert hakuigusa. Aliyesoma hagusi kitu ambacho mwingine anaweza kulipwa akiguse. Aliinua sauti ili makuli wote wasikie.

"Elfu ishirini nafuta. Natoa laki. Laki moja kila kichwa, mkononi, sasa hivi! Kitanda, kabati, mkeka. Dakika kumi."

Laki moja ilikuwa kodi ya miezi miwili ya chumba Buguruni. Fremu moja ya ghorofa lililokuwa linachimbiwa msingi nyuma yao ingepangishwa kwa mwezi kwa fedha ambazo wanaume wale, wote kumi na mmoja, hawakupata kwa kubeba mwaka mzima. Hakuna aliyepiga hesabu hiyo pale. Walikuwa nayo mabegani.

Aliyevunjika kwanza ni Wilbert.

"Mangi, nisamehe," alisema akitoka kwenye mstari. "Jana mwenye nyumba kaning'olea mlango. Mke wangu analala na sufuria zetu barabarani. Naomba nipite."

"Rudi, Wilbert."

"Nina watoto, Mangi!"

"Wote hapa wana watoto. Rudi."

Wilbert hakurudi. Aliinama, akapenyeza mkono chini ya kwapa la Uledi na kuushika mguu wa kitanda kwa ndani. Elimringi alimfikia kwa hatua mbili. Aliugandamiza mkono ule kwenye fremu ya mlango, akaupiga kwa mpini wa kulabu, mara moja. Vidole viwili vilivunjika kwa sauti ya njiti kavu.

Wilbert alianguka chini akipiga mayowe. Kuhusu uhalali wa hukumu hakusema neno.

"Kuna mwingine mwenye mlango uliong'olewa?" Elimringi aliuliza.

Mstari ulirudi nyuma hatua moja. Wanne kati yao walikuwa nayo milango ya namna hiyo.

Kwa dakika chache, msomaji, ilionekana kana kwamba kitambaa kilikuwa kimeishinda hati. Shamsa, ndani, alianza kuvuta tasbihi yake. Kisha Ansbert alipiga simu, akasema neno moja, "Njooni," na kupitia tundu la ukutani wakaingia wanaume wanne ambao hawakuwahi kubeba gunia maishani mwao.

Walikuwa mabaunsa. Kila mmoja alishika rungu. Wa mbele alivaa fulana nyekundu.

"Mlango upi?" mwenye fulana aliuliza.

"Ule wenye sanamu," Ansbert alisema, akimwonyesha Uledi.

"We sanamu, sogea."

"Humu kuna mjane."

"Mimi nimeoa, sihitaji."

Wenzake walicheka. Uledi alimpiga ngumi akiwa bado anacheka, na jino la baunsa likaruka na kupiga mabati. Furaha hiyo ilidumu muda wa pumzi moja. Rungu lilimshukia Uledi begani, la pili likampata mbavuni, la tatu likamkuta chini ya sikio. Taya lake likahama. Alitaka kumwita Elimringi. Kilichotoka kinywani ni damu na mlio usio na konsonanti.

Makuli wanne waliruka kumsaidia. Wanne wengine waliruka ukuta. Siwalaumu waliokimbia wala siwasifu waliobaki. Wote walikuwa wameamka saa kumi alfajiri bila chai.

Vita vya uani havikuwa na mpangilio. Kuli mmoja alipigwa kichwa ukutani hadi chokaa ikageuka rangi. Mwingine alimng'ata baunsa mkono na hakuuachia mpaka alipopasuliwa utosi. Elimringi alikuwa amezungukwa na wawili, akizungusha kulabu, akitafuta njia ya kufika mlangoni.

Njia hiyo mwenye fulana nyekundu aliipata kabla yake. Alimruka Uledi, akaingia chumbani.

"Mama, nyanyuka."

"Rudi nje," Shamsa alisema.

"Nyanyuka nisikubebe."

Shamsa alinyanyuka. Pembeni mwa mkeka palikuwa na pasi ya mkaa ya marehemu Bushiri, pasi nzito ya chuma ambayo fundi huyo alinyooshea suruali za watu kwa miaka thelathini. Asubuhi hiyo Shamsa alikuwa ameitia makaa ili anyooshe kanga ya kupokelea baraza. Aliishika mpini, akaizungusha kutoka chini kwenda juu, na kifuniko kikafunguka usoni mwa baunsa.

Mwanamume yule alitoka chumbani kinyumenyume, mikono ikiwa usoni, makaa mawili yamenasa ndani ya kola. Alilia kama mtoto. Kisha akamwona Uledi miguuni pake, asiyeweza hata kukinga kichwa, na kilio kikageuka hasira. Akainua rungu kwa mikono miwili.

"Nakumaliza, mbwa we!"

Elimringi alichomoka kati ya wawili wale, akarusha mkono. Kulabu iliyokuwa imevuta marobota ya mitumba kwa miaka kumi na saba iliingia shingoni mwa baunsa, upande wa kushoto, ikakaza. Elimringi aliivuta kama alivyozoea kuivuta, kwa nguvu na kwa mara moja.

Mwenye fulana nyekundu alipiga magoti, akalala. Damu yake ilikwenda mbali zaidi ya alivyokwenda yeye.

Mapigano yalikoma. Makuli waliokuwa bado wamesimama waliitazama maiti, wakamtazama mkuu wao, kisha wakaondoka mmoja mmoja, majeruhi wakijikokota, kupitia tundu la ukutani bila kuagana. Wilbert alikuwa wa mwisho, amekumbatia mkono wake. Hakumtazama mtu.

Mabaunsa watatu waliobaki walimlaza Elimringi kifudifudi, wakamkalia mgongoni.

Ansbert alitazama saa. Saa saba na nusu. Alipita kando ya damu kwa uangalifu, akatoa simu mfukoni, akaielekeza mlangoni mwa Shamsa.

"Mama Shamsa," alisema kwa upole. "Pole sana. Mdogo wako yuko hapa nje, anavuja damu. Hatua mbili tu. Njoo umfunge hicho kichwa. Mimi sikugusi, na hawa hawakugusi."

"Hiyo simu unaninyooshea ya nini?"

"Kumbukumbu tu, mama."

"Kumbukumbu ya mjane aliyetoka mwenyewe."

"Kwa hiari yake," Ansbert alikubali. "Nakuheshimu, hivyo sitakudanganya. Ukitoka, huyu anapelekwa hospitali na gari langu, sasa hivi. Usipotoka, mimi si daktari."

Uledi alikuwa amelala ubavu, uso kwenye udongo, hatua mbili kutoka kwenye kizingiti. Alimwona dada yake akisogea. Alitikisa kichwa kumkataza, na maumivu ya taya yakampofusha.

Shamsa alifika kwenye kizingiti, akasimama. Mbele yake wanaume wanne wasio maharimu wake walimkodolea macho. Hakujifunika uso. Alikaa chini, akakita nyayo zake mbili kwenye kizingiti kwa upande wa ndani, akavua kanga ya juu na kuirusha. Ncha yake ilimfikia Uledi mkononi.

"Shika."

Uledi alishika.

Shamsa alivuta. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu aliyekuwa anafunga sunna siku hiyo. Alivuta, akapumzika, akavuta. Uledi alisogea shubiri moja. Kisha nyingine. Kichwa chake kikaacha mstari mwekundu kwenye udongo. Baunsa mmoja alisahau kazi yake, akanyoosha mkono kana kwamba anataka kusaidia. Ansbert alimpiga teke la ugoko.

Mikono ya Shamsa ilipita nje ya mlango. Kiwiliwili chake kiliinama nje ya mlango. Nyayo hazikuondoka.

"Rekodi vizuri," alimwambia Ansbert, akihema. "Hasa miguu yangu."

Alimkamata Uledi kwapani, akajitupa kinyumenyume, na wote wawili wakaangukia mkekani, ndani. Ansbert alibaki ameishika simu mbele ya mlango mtupu. Saa saba na dakika arobaini.

Aliirudisha simu mfukoni. Aliongea na mabaunsa wake bila ukali wowote.

"Mtoeni mwenzenu hapo mlangoni, msogezeni kando. Na ninyi sogeeni."

Alikwenda hadi kwenye tundu la ukutani, akatoa mkono nje, akauzungusha hewani mara mbili, kisha akaonyesha ukuta wa chumba.

Chini shimoni kulikuwa na kijiko, ile mashine ya kuchimbia yenye mkono mrefu. Aliyekiendesha alikuwa ndani ya kioo, na kelele za injini yake. Aliona ukuta, na tunduni mkono wa mtu aliyemwajiri. Kwamba nyuma ya ukuta ule kulikuwa na mkeka hakuambiwa.

Shamsa alisikia matofali yakiguna. Alikuwa analifunga taya la mdogo wake kwa pindo la kanga.

"Uledi, hilo ni nini?"

Uledi alijua ni nini. Hakuwa na kinywa cha kulisema. Alimsukuma dada yake kwa miguu yote miwili kuelekea chini ya kitanda.

Ukuta uliingia chumbani mzima mzima, kisha ukavunjika. Mabati yakakunjika. Boriti iliyobeba paa ikashuka juu ya kitanda, ikakivunja miguu ya upande mmoja, na kitanda kikashuka juu ya kifua cha Shamsa. Mlango uliovunjwa na Uledi ukazibwa na matofali hadi juu. Vumbi lilitoka uani, likapita ukumbini, likachungulia mtaani.

Huko mtaani wauza soksi walifunika soksi zao na kuendelea. Kelele za kubomoa hazimshtui mtu Kariakoo. Miaka kumi iliyopita angetoka jirani akauliza. Sasa kushoto kulikuwa na stoo ya vyombo vya plastiki, nyuma shimo, na ng'ambo ghorofa la orofa saba, na humo hakuna aliyewahi kumjua Shamsa kwa jina.

Kijiko kilizimwa. Ansbert alijipangusa, akachuchumaa mbele ya Elimringi.

"Mwacheni akae. Mangi, una watoto wangapi?"

"Watatu."

"Na mama yao?"

"Caroline. Ana mimba ya saba... ya miezi saba."

"Hongera. Unamjua huyu?" Ansbert alionyesha maiti.

"Simjui."

"Polisi watamjua. Nisikilize basi, kwa sababu mimi nimesoma sheria na wewe umebeba magunia. Kama chumba kile kilikuwa na mtu, palikuwa na mvutano. Penye mvutano pana ugomvi. Penye ugomvi na maiti pana muuaji, na mashahidi hawa hapa watatu. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja."

"Kama chumba hakikuwa na mtu, hapakuwa na mvutano. Tulikuwa tunabomoa nyumba tupu. Ukuta ukamwangukia kijana wetu. Ukuta haunyongwi, Mangi."

Elimringi alitazama kifusi. "Na walio ndani?"

"Ndani ya wapi?"

"Bosi, labda wako hai. Tufukue. Nitafukua mwenyewe."

"Fukua," Ansbert alisema. "Ukimtoa akiwa hai, umemtoa shahidi wa kwanza. Kulabu aliiona vizuri kuliko sisi."

Aliinuka. Aliokota tofali zima la saruji, akalibeba hadi kwenye maiti, akaliachia juu ya shingo. Aliliokota tena, akaliachia tena. Baunsa aliyepigwa teke la ugoko aligeuka akatapika. Mara ya tatu, jeraha la kulabu halikutofautiana tena na mengine. Ansbert aliifunika maiti kwa bati, akaacha miguu nje, kwa heshima.

"Kulabu itupeni shimoni," alisema. "Nawa mikono, Mangi. Pipa lile."

Elimringi alinawa.

Chini ya kitanda, Shamsa alifungua macho na hakuona tofauti. Alihisi pumzi za Uledi karibu na goti lake, fupi na zenye maji. Alijaribu kuita. Chuma cha kitanda kilikuwa kimemkalia kifuani. Alipovuta hewa ilimfikia nusu, nayo ikiwa ya vumbi. Alitoa mnong'ono ambao yeye mwenyewe hakuusikia.

Kisha akasikia viatu vya mwanamke ukumbini.

"Hodi humu! Hodi!"

Baraza lilifika saa nane kamili. Nalishuhudia hilo kwa sababu halitaaminika. Mwenyekiti aliitwa Mama Joyceline, mwanamke mfupi mwenye miwani, akifuatana na karani mmoja. Alisimama kwenye ukingo wa uani, akatazama kifusi, mabati, na miguu miwili iliyotokeza chini ya bati.

"Nini hiki?"

"Ajali, mheshimiwa," Ansbert alisema, sauti ikitetemeka mahali panapostahili. "Kijana wetu. Ukuta umemwangukia sasa hivi. Tumeshaita polisi."

"Nani aliwaruhusu kubomoa? Nina barua ya mkaaji wa nyumba hii."

"Tuna amri ya kukabidhiwa nyumba tupu, hii hapa. Barua hizo, mheshimiwa, unazijua. Marehemu akishazikwa tu, kila ndugu anakuwa mjane."

Mama Joyceline hakutabasamu. Aliifungua barua, akaisoma kwa sauti, taratibu, kana kwamba anaupa mwandiko ule nafasi ya kujitetea. "*Nipo chumba cha uani, mkono wa kulia. Sitatoka. Mkija mtanikuta.*"

Aliinua macho. "Chumba cha uani mkono wa kulia ni kipi?"

Ansbert alionyesha kifusi. "Kilikuwa stoo."

Shamsa alisikia maneno yake mwenyewe yakisomwa. Alikusanya hewa. Kwato za maumivu zikamkanyaga mbavuni, hewa ikamponyoka.

Mwenyekiti aliwatazama mabaunsa mmoja mmoja, akawapita. Macho yake yakatua kwa Elimringi, aliyekuwa amesimama kando ya pipa, maji yakimtiririka kwenye viganja.

"Wewe ni nani?"

"Kuli, mama. Nabeba."

"Una hisa katika nyumba hii?"

"Mimi?" Elimringi aliuliza, na katika hali nyingine swali hilo lingemchekesha. "Hapana, mama."

"Vizuri. Katika kazi hii madalali husema vyao na ndugu husema vyao. Mimi humuuliza aliyebeba vyombo." Alimsogelea. "Hapa palikuwa na mwanamke mjane. Yuko wapi?"

Elimringi alitazama bati lililofunika maiti. Alitazama mlango uliozibwa. Akakohoa. Ansbert alikuwa anakagua kucha zake.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, na karani anaandika," Mama Joyceline alisema. "Humo ndani kuna mtu, au hakuna?"

Mita mbili nyuma ya matofali, Uledi alikitambua kikohozi cha mkuu wake. Alianza kukwaruza ukuta kwa kucha.

"Hakuna mtu, mheshimiwa," Elimringi alisema.

Karani aliandika. Mwenyekiti alikunja barua mara mbili, akaitia mkobani.

Na kule shimoni injini ya kijiko ikawaka.